Dole Gumba

Nilikuwa kidato cha tatu, na shule yetu ya serikali haikuwa na maabara. Kemia tuliisomea ubaoni. Mwalimu alichora chupa, akachora moto chini yake, akatuambia kimiminika kimegeuka buluu, nasi tukaandika kwamba kimegeuka buluu. Wazazi walichoka kungoja majibu ya barua zao, wakakaa kikao na kukubaliana kuijenga wenyewe: mwenye mchanga alete mchanga, asiye na kitu alete mikono.

Jumamosi ya kupima msingi walikuja wengi kuliko tulivyotarajia. Kuna bwana mmoja ambaye hakuwa hata na mtoto pale shuleni. Alifika na jembe lake, akafyeka nyasi hadi mchana, akaondoka bila kuaga. Mpaka leo sijui alikuwa nani.

Fundi alikuwa mzee, babu wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Alipigilia kigingi, akavuta kamba mbili kuelekea pande mbili. Kwenye kamba ya kwanza alipima sentimita 60 akatia alama, kwenye ya pili 80, kisha akapima kutoka alama hadi alama. "Hapa nataka mia kamili," alisema. "Ikizidi, kona imefunguka. Ikipungua, imejifunga."

"Pythagoras huyo," rafiki yangu akaninong'oneza.

Mzee akageuka. "Nani huyo? Anasoma hapa?"

Tulicheka mpaka mkuu wa shule akatutazama kwa jicho lile lake. Mzee hakujali. Vigingi vyote vinne vilipokaa, alipima kona kwa kona, akarudia kwa kona nyingine mbili. Vipimo vilitofautiana kwa upana wa vidole viwili. Akasogeza kigingi kimoja, akapima upya.

Ikabaki kusawazisha. Kiwanja kiliteremka kuelekea uwanja wa mpira, na sakafu haiwezi kufuata mteremko. Mzee akatoa kwenye gunia lake mpira mrefu, mwembamba, unaoonyesha maji ndani, akauliza nani anaijua fizikia. Wenzangu wakanisukuma mbele. Sikukataa, muhula ule nilikuwa nimeongoza darasa katika somo hilo, na mchoro wa maji katika bomba lenye umbo la U nilikuwa naweza kuuchora nimefumba macho.

Tuliutumbukiza ncha moja ndani ya ndoo, nikanyonya ile nyingine. Yalikuja maji yenye ladha ya mpira uliokaa juani, nikatema. Mzee aliupitia mpira wote, akiugonga kwa kucha kila alipoona kiputo cha hewa, mpaka vyote vikapanda na kutoka. "Kiputo kimoja tu kinakupa nyumba iliyopinda," alisema. Yeye akabaki kwenye kigingi cha juu, mimi nikashuka na ncha yangu hadi kona ya chini.

Nilihofia kuyamwaga, baada ya kazi yote ile. Kwa hiyo nikaziba ncha yangu kwa dole gumba, nikaikaza.

"Yametulia?" akaita.

"Yametulia!" Kweli yalikuwa yametulia. Hayakutikisika hata chembe. Nikatia alama kwa penseli.

Wakafunga kamba toka alama yake hadi yangu. Mzee akainama, akafumba jicho moja, akaitazama kwa muda. "Kamba hii inateremka na kilima," akasema, kama anayejisemea. Akashuka taratibu hadi nilipo. Aliangalia mkono wangu.

"Toa dole hilo, mjukuu wangu. Maji nayo yanahema."

Nilipolitoa, maji yaliruka yakanimwagikia hadi kwenye kiwiko. Ilibidi niinue mpira juu ya kichwa ndipo yakaacha kumwagika. Akaongeza mengine kwa kikombe upande wake, akaniita tena. Safari hii niliyaona mwenyewe: yalipanda, yakashuka, yakapanda kidogo tena, kila mara safari ikifupika, halafu yakasimama. Yalisimama juu ya alama yangu ya kwanza kwa karibu kimo cha tofali.

Mwalimu wa fizikia alikuwa kando yangu, jembe begani. Nilimtazama, naye akaitazama ndoo. Kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu, palikuwa na maneno "ncha zote mbili ziwe wazi", nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu. Nilijua hata yako ukurasa wa kulia.

Nilijaribu kuifuta alama ile kwa mate. Haikutoka, penseli ilikuwa imeingia kwenye nyuzi za mbao. Mzee akaichukua penseli, akaipiga msalaba alama ya chini, akanirudishia ncha ya mpira.

"Twende kona ya tatu," akasema. "Na dole lako liweke mfukoni."