Picha Moja Iliyoninyima Visu Mwaka Mzima

Nilipotaka duka langu lipewe kuuza visu halisi vya kampuni moja ya Ulaya, binamu yangu wa Nairobi aliniambia hivi: "Nenda na pesa mkononi, vaa suti, sema unachukua katoni tano. Nani anakataa pesa?" Jirani yangu anayeuza plastiki akasema hao wauzaji wa Nairobi watanizungusha tu, heri niwaandikie wenye kiwanda. Shemeji naye akasema nitafute mtu wa ndani. Niliwasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine, ndiyo maana nina haki ya kusema hapa kwamba ulikuwa upuzi mtupu.

Nina duka la vyombo vya jikoni Kisumu, si mbali na soko la Jubilee. Sufuria, thamosi, masinia, miko, na visu. Kwenye visu ndiko roho yangu iliko, kwa sababu mji huu unaishi kwa kisu. Fika ufuko wa Dunga asubuhi uone samaki aina ya ngege wanavyoparwa magamba. Nenda Obunga uone akina mama wanavyoandaa mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayotoka viwandani minofu ikishatolewa. Bucha za Kondele hata sizihesabu. Basi siku moja mpishi wa hoteli akaja kununua chujio, tukaongea, akafungua kitambaa chake kunionyesha visu vyake vya kazi: Victorinox mbili za mpini mweusi na Wüsthof moja aliyoachiwa na bosi wake wa zamani. Nikamuuliza alivinunua wapi.

"Nairobi. Hapa mna vya kukatia sabuni tu."

Nilicheka naye. Usiku sikulala.

Nikaanza na ushauri wa jirani. Niliwaandikia wenye kiwanda kimoja cha Ulaya barua pepe ya kurasa tatu. Nilieleza mpaka marehemu baba alivyokuwa seremala na jinsi nilivyokua nikimshikia msumeno. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili hivi, mistari mitatu: asante, tuna msambazaji anayehudumia nchi yako, wasiliana naye. Nilikasirika, lakini barua hiyo ilinifunza kitu ambacho jirani mpaka leo hakijui. Kiwanda hakina muda wa kumjua muuza duka wa Kisumu. Mara nyingi kinamchagua mwagizaji mmoja kwa nchi, au kwa nchi kadhaa pamoja, halafu huyo ndiye anayechagua maduka. Yeye ndiye anayelipa ushuru Mombasa, yeye ndiye anayehangaika na cheti cha ubora ili KEBS, shirika la viwango, waridhike, na kisu kikivunjika kinarudi kwake. Akikuuliza maswali mengi usimwone mjeuri. Lawama ya duka lako itamwangukia yeye.

Ushauri wa suti ndio ulioniumiza miguu. Nilipanda basi la usiku nimevaa suti ya harusi yangu, na pesa nimezigawa mafungu mawili, moja kwenye kila soksi. Ukikaa kwa muda wa saa nane na noti kwenye soksi utajua hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nilifika ofisini kwa yule msambazaji nikichechemea. Afisa wa mauzo, kijana mpole, alinipa chai, akaniacha nimalize habari ya katoni tano, kisha akauliza, "Duka lako likoje? Tutumie picha." Pesa hata hakuziuliza. Nilirudi Kisumu nazo zilezile, zimejikunja na zinanuka.

Picha? Nikaona hapo sasa nimefika. Nilisafisha duka siku mbili. Sufuria nikazipanga kutoka kubwa hadi ndogo kama watoto wa shule kwenye paredi. Nikamlipa kijana wa studio, mia tano kama sikosei, nikasimama katikati mikono kifuani, nyuma yangu mali yote inang'aa. Nikaituma kwa WhatsApp na maneno "Karibuni Kisumu".

Hazikupita dakika ishirini, picha ikarudi. Ileile, ila kona ya juu kushoto imezungushiwa duara jekundu. Nikaivuta kwa vidole ikuwe. Ndani ya duara, kwenye msumari, kati ya mitego ya panya na brashi za choo, kulikuwa na kadi ya visu sita vya shilingi mia mbili, na kwenye kila kisu nembo ya kampuni. Kampuni hiyohiyo! Feki za chapa niliyokuwa naiomba, zimening'inia juu ya kichwa changu huku mimi nikitabasamu kama bwana harusi. Chini yake kadi nyingine ilikuwa na visu vilivyoandikwa "Solingen".

Kijana aliandika sentensi moja tu: "Hivi umevitoa wapi?"

Solingen yenyewe nilidhani ni aina ya chuma. Kumbe ni mji wa Ujerumani, na jina lake linalindwa na sheria ya kwao: kisu kisichotengenezwa huko hakiruhusiwi kulibeba. Vyangu vilizaliwa kwenye gunia la jumla. Na usidhani hapa Kenya uko salama kwa kuwa wewe ni muuzaji tu. Tuna sheria ya bidhaa bandia tangu 2008, nayo inamshika pia anayeuza. Nilikuwa nimejipiga picha nikiwa na ushahidi, tena kwa gharama yangu. Niliving'oa vyote siku ileile, hasara kama elfu nne hivi, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa. Nikipiga simu, mkutanoni. Nikiandika, tiki mbili za bluu na kimya. Mtu wa ndani wa shemeji alikuja kuonekana ni askari wa geti.

Mwaka mzima ulipita hivyo. Kilichonitoa hakikuwa mpango. Wateja walikuwa wakiniuliza swali moja: "Nikinunua kizuri, nitakinoa wapi?" Huku kwetu kisu hunolewa kwa tupa, au kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa nyuma. Kisu kizuri ukikipitisha tupa kinaliwa haraka kama sabuni, na saruji inakiacha na meno ya mamba. Nikanunua jiwe la kunolea la pande mbili, nikaanza kujifunza kwa visu vya mke wangu.

Wiki ya kwanza niliviua. Vilikuwa butu kuliko nilivyovikuta, na mke wangu akaanza kukata sukuma kwa kisu cha kuazima. Tatizo ni pembe: mkono unayumba, makali yanakuwa duara. Halafu nikagundua ujanja ambao najivunia kuliko duka lenyewe. Chukua kalamu nene ya kuandikia katoni, paka makali wino mweusi pande zote mbili, kisha sugua kwenye jiwe mara tatu nne tu na utazame. Wino ukitoka juu, mbali na makali, umelaza kisu mno. Ukitoka kwenye ukingo kabisa wa makali peke yake, umekiinua mno. Unataka utoke sawasawa, upana wote wa mteremko. Kalamu ya shilingi hamsini ilinifunza kazi ambayo video kumi zilishindwa. Ukishahisi kwa kidole kile kiukingo chembamba cha chuma kimejikunjia upande wa pili, geuza kisu. Malizia kwenye mkanda mkuukuu wa ngozi. Na ukiwa safarini huna jiwe, pindua kikombe cha kauri: ile duara ya chini isiyong'aa inanoa. Nimemnolea hivyo mchoma nyama matangani, akaniongezea kipande.

Nikaweka siku mbili za kunoa, Jumanne na Ijumaa, hamsini kwa kisu. Kila kisu nakifunga plasta mpinini na kuandika ni cha nani: "Mama Obunga", "Bucha Kondele 2", "Hoteli, cha samaki". Rafu ya nyuma ikajaa. Nilianza pia kuandika kwenye daftari kisu gani kinarudi baada ya muda gani. Vya mia mbili vilirudi kila wiki. Vya mpishi yule wa hoteli nilivisahau.

Afisa yule alikuja Kisumu kwa shughuli zake za hoteli, akaingia dukani bila kusema. Sikuwa na suti. Nilikuwa na aproni, mikono myeusi kwa tope la jiwe, na mama mmoja wa Obunga amenikalia kooni.

"Nyathina, mwanangu, kisu changu kiko wapi?"

"Si hicho, mama."

"Hiki? Changu kilikuwa kipana. Hiki umekila!"

Alikuwa na haki. Kilikuwa na mapengo makubwa, na kuyatoa nilikuwa nimesugua kuliko inavyofaa. Tulibishana mpaka nikamrudishia hamsini yake. Nilipogeuka nikamwona kijana ameshika daftari langu anasoma. Alihesabu plasta za rafuni, 37. Akachukua kisu kimoja, akakata nacho risiti hewani, ikagawanyika bila kelele. Akatazama ule msumari wa kona. Kulikuwa na kalenda.

Akaniambia wazi tulipokwenda kula samaki. Wenye pesa za kununua katoni tano wanapiga simu kila siku, na wengi wao huvimwaga visu mtandaoni kwa bei ya kutupa mwezi huohuo. Duka la Nakuru likiona hivyo linaacha kuagiza, na mteja aliyeuziwa kisu na mtu asiye na mlango hana pa kukirudisha. Yeye anatafuta duka lenye anwani, lisilopakana na duka lingine analouzia, na mtu anayejua kueleza kisu cha minofu kinatofautianaje na cha kutoa mifupa.

Masharti ya kuniuzia visu hayakuwa ya kutisha. Kabati la vioo lenye kufuli, kama elfu kumi na tano, ingawa fundi alinila. Mzigo wa kwanza, laki moja na ushee. Nisiwauzie wachuuzi. Kuhusu bei alitumia neno "inayopendekezwa" kwa uangalifu sana, na baadaye nikaelewa: sheria yetu ya ushindani ya 2010 inakataza kumlazimisha muuzaji bei ya chini. Pendekezo linaruhusiwa. Mimi nalifuata, sina ugomvi. Karatasi nyingine, leseni ya kaunti na PIN ya kodi, unazijua.

Jirani wa plastiki sasa anataka nimgawie dazeni mbili auze upande wake. Nimemwambia awaandikie wenye kiwanda moja kwa moja.

Yule mama wa Obunga nilimpa kisu kipya kwa bei niliyonunulia. Amekiweka ndani, anasema ni cha wageni. Kile nilichokila ndicho anachofanyia kazi, na Jumanne atakileta tena.