Asumini Iliyohama Ng'ambo

Nyumba ya bibi kule Ng'ambo, Unguja, ilipouzwa, kila kitu kilikubali kupakiwa garini isipokuwa asumini. Kabati la kioo lilipanda, kitanda cha besera kilipanda, hata mbuzi ya kukunia nazi iliyokwisha meno ilipata pa kukaa. Mti wa asumini ulikuwa uani, ubavuni mwa birika la maji, mizizi imejipenyeza chini ya msingi wa ukuta. Kuung'oa ilikuwa ni kuuua. Na mnunuzi alishatuambia ua wote ataumwagia zege.

Mbegu hatukuwa nazo. Asumini yetu, ile ya petali zilizorundikana, haizai mbegu. Miche hutoka tawini, tawi la nyumba hii hutoka nyumba ile. Wa bibi ulitoka uani kwa kungwi wake. Alasiri bibi akichuma matumba kabla hayajafunguka, huyatunga kwa uzi, na usiku yanafunguka yenyewe chumba kizima kikanukia. Mtaani pakiwa na harusi, wanawake walijua pa kubisha hodi kutafuta asumini ya vikuba, vile vishada vya kunukia wanavyojipambia.

Jirani mmoja, mzee aliyestaafu kazi ya bustani, alikuja kuuangalia. Tungekuwa na miezi, alisema, angelaza tawi refu chini, alifukie na kuliwekea jiwe, liote mizizi likiwa bado limeshikana na mti. Lakini funguo zilitakiwa Ijumaa. Ikabaki kukata vijiti. Bahati masika yalikuwa yameanza na hewa ina unyevu.

Ugomvi ulizuka hapo hapo. Bibi alitaka yakatwe matawi yenye matumba mengi, maana ndiyo yenye nguvu. Mzee akayanyofoa matumba yote.

"Bi mkubwa, tawi lenye maua lina kazi mbili. Mimi nataka hili lifanye moja."

Bibi alinyamaza, na si kwa kukubali. Aliyaokota matumba yake moja moja, akayatia kwenye bakuli.

Mzee alichagua matawi yaliyokomaa kiasi, si ya kijani laini yanayooza upesi, wala makavu ya rangi ya udongo. Alikata kwa wembe mpya, mshazari, chini kidogo ya kifundo, kwa kuwa hapo ndipo mizizi hupenda kutokea. Urefu haukufika shibiri. Majani ya chini akayatoa; juu akaacha mawili, nayo akayakata nusu. Nilimuuliza yamekosa nini. Akasema jani linapoteza maji hewani mchana kutwa, na kijiti bado hakina cha kunywea.

Mimi nilipewa makopo ya maziwa, niliyoyakusanya jikoni kwa shangazi, niyatoboe matako kwa msumari. Tuliyajaza mchanga wa shamba, si wa pwani wenye chumvi, tukauchanganya na vumbi la makumbi. Vifundo viwili ndani, udongo ukashindiliwa kwa vidole, mfuko wa nailoni juu kuzuia unyevu usitoke.

Ijumaa bibi alikabidhi funguo akiwa na koja la asumini kichwani, kubwa kupita kiasi. Mnunuzi alipiga chafya mara mbili.

Fuoni, kwa shangazi, makopo yaliwekwa chini ya mwembe. Vijiti vingine vilichipua majani mapema, bibi akapiga vigelegele. Mzee alipokuja kututembelea hakushangilia. Alisema majani yale yanakula akiba iliyomo kijitini, na akatukataza kabisa kuvuta ili kuona kama vimeshika, kwani mizizi michanga hukatika kwa kuguswa tu. Kweli, baadhi ya vile vilivyotangulia vilikuwa vyeusi baada ya siku chache. Vile vilivyokaa kimya ndivyo vilivyokuja kuchungulisha mizizi myeupe kwenye matundu ya makopo.

"Si mtoto wake huyu," bibi aliniambia. "Ni ule ule. Nimehama nao."

Alipanda mmoja karibu na mfereji wa maji. Iliyobaki alinituma kuigawa kwa majirani, wengine hata majina yao hajayajua, kwa sharti moja: "Waambie, wangu ukifa nitakuja kukata kwao." Nilizunguka mtaa mzima na sharti hilo. Shangazi, ambaye makopo yale ndiyo aliyokuwa akipimia mchele, alidai angalau yarudishwe. Hakuna lililorudi.