Kibengali Katika Kompyuta ya Nyumbani: Uzoefu Wangu na Programu Huria

Nyumbani kwetu Mirpur, katika jiji la Dhaka, kompyuta ni moja na watumiaji ni wanne. Mume wangu huitumia kwa hesabu na barua za biashara yake ya vitambaa, mama mkwe wangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, huandika humo kumbukumbu za ukoo wao, binti yetu hufanyia kazi za shule, na mimi, mzaliwa wa Tanga, huitumia kwa kazi za tafsiri na kwa Kibengali ambacho bado naendelea kujifunza. Tuliinunua ikiwa imekwishatumika, nayo ilikuwa na nakala ya mfumo endeshi wa kulipia isiyo na leseni halali, ambayo ilikataa masasisho na kuandika Kibengali kwa shida. Nilitaka mambo mawili kwa pamoja: kila kilichomo katika mashine yetu kiwe kimepatikana kwa haki, na Kibengali kiwe na hadhi kamili humo, kuanzia menyu hadi majina ya faili. Programu huria zilinipa yote mawili.

Wengi huzipenda programu hizi kwa sababu hazina bei, nami nakiri kwamba katika nyumba yenye kipato cha kawaida hilo lina uzito. Hata hivyo, tangu mwanaprogramu Mmarekani Richard Stallman atangaze mwaka 1983 mradi wa GNU, wa kuunda mfumo endeshi ulio huru, kiini cha jambo kimekuwa uhuru: uhuru wa kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuibadilisha, kuigawa, na kuwagawia wengine ulichokibadilisha. Kwa mtu anayeshughulika na lugha, uhuru wa kubadilisha ndio wenye thamani kubwa kuliko mwingine wowote. Kibengali kina wasemaji zaidi ya milioni 200, lakini hata lugha kubwa kiasi hicho inaweza kukaa miaka mingi ikisubiri kampuni ya mbali iamue kama inafaa kuhudumiwa. Katika programu huria hakukuwa na haja ya kusubiri. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wa Bangladesh na wa Bengali Magharibi nchini India, wakiwemo wale wa mradi wa Ankur, walichora fonti, wakatafsiri menyu na kurekebisha kasoro za maandishi wao wenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa.

Nilichagua Debian, mfumo endeshi huria wa jamii ya Linux, nikaiweka pamoja na Xfce, yaani mazingira ya madirisha na menyu, ambayo ni mepesi na yanaifaa mashine ya umri wa ile yetu. Hapo kuna jambo moja linalostahili kutajwa. Kisakinishi cha Debian kina sura mbili, moja ya maandishi matupu na nyingine ya picha, na Kibengali kimo katika ile ya picha, kwa kuwa ile ya maandishi matupu haina uwezo wa kuchora herufi zinazoungana. Nilichagua sura ya picha, nikateua Kibengali tangu ukurasa wa kwanza, na mama mkwe akakaa kando yangu akinisomea maswali kwa sauti. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida.

Maandishi yenyewe ndiyo yaliyonifundisha mengi kuliko hatua nyingine zote. Herufi za Kibengali zimetengewa nafasi 128 katika Unicode, utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, kuanzia U+0980 hadi U+09FF, lakini kuwa na herufi hakutoshi. Irabu ya i fupi huandikwa baada ya konsonanti, kama inavyotamkwa, ila kwenye skrini lazima ionekane kushoto kwake: ukiandika ka kisha i, unapaswa kuona কি. Irabu ya o huizingira konsonanti pande zote mbili. Konsonanti mbili zinapokutana bila irabu kati yake, alama iitwayo hasanta huziunganisha kuwa umbo jipya, na maumbo hayo, ambayo Wabengali huyaita juktakkhor, mara nyingine hayafanani hata kidogo na herufi zilizoyazaa. Umbo ক্ষ, kwa mfano, limetokana na ক na ষ, lakini mgeni anayelitazama hawezi kuwatambua wazazi wake. Mpangilio huu wote hufanywa na HarfBuzz, programu huria ambayo kivinjari cha Firefox na programu za ofisi za LibreOffice zote huitegemea, ikisoma kanuni zilizofumwa ndani ya fonti. Kwa hiyo fonti mbovu haichukizi macho tu, bali huharibu tahajia.

Nilisakinisha kifurushi cha fonts-beng-extra, chenye fonti za familia ya Mukti na nyinginezo, nikaongeza Lohit na Noto, kisha nikapakua Kalpurush na SolaimanLipi, ambazo Wabangladeshi wengi wamezizoea. Mama mkwe alizipima zote kwa kurasa zilizojaa juktakkhor, akachagua Kalpurush kwa kuandikia. Mimi naona Noto Serif Bengali inasomeka vizuri zaidi katika aya ndefu, lakini jicho la mtu aliyefundisha watoto kusoma kwa miaka mingi lina haki ya kuamua.

Suala la kibodi lilihitaji subira, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa na njia yake. Kwangu na kwa binti yangu, njia iliyofaa ni ile ya kuandika kwa sauti, yaani kuandika neno kwa herufi za Kilatini na programu ikaligeuza papo hapo. Njia hiyo ilienea kupitia Avro, programu ya kuandikia Kibengali iliyotolewa mwaka 2003 na Mehdi Hasan Khan alipokuwa mwanafunzi wa utabibu mjini Mymensingh. Aliigawa bure kwa yeyote, na baadaye msimbo wake ukawekwa wazi. Katika Linux tunatumia OpenBangla Keyboard, ambayo hufanya kazi chini ya IBus, programu inayosimamia njia za kuandika, na inafuata kanuni zilezile za Avro. Ukiandika ami bhat khai, unapata আমি ভাত খাই. Herufi t ndogo huleta ত ya menoni, na T kubwa huleta ট inayotamkwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma, tofauti ambayo sikio langu la Kiswahili lilikuwa halijaizoea. Kwa kulazimika kuchagua kati ya t na T kila ninapoandika, nimejifunza tahajia ya maneno mengi ambayo nilikuwa nikiyatamka kwa kubahatisha. Neno bidyaloy, lenye maana ya shule, ni mfano mzuri: y ya kwanza hujishikiza kwa d na y ya mwisho husimama peke yake, na ukilitazama linavyojengeka kwenye skrini, বিদ্যালয়, unaelewa kanuni nzima ya herufi y katika Kibengali.

Mama mkwe hakuipenda njia hiyo. Kwake Kibengali hakina sababu ya kupitia alfabeti ya Kiingereza, na hoja hiyo naiheshimu, hasa inapotoka kwa mkazi wa jiji ambalo watu waliuawa kwa risasi tarehe 21 Februari 1952 wakidai lugha yao itambuliwe. OpenBangla Keyboard ina mipangilio mingine ambamo kila kitufe kina herufi yake ya Kibengali, ukiwemo ule wa kitaifa. Nilimwekea huo, nikabandika vibandiko vidogo juu ya vitufe, na sasa huandika polepole lakini bila kosa. Mume wangu alichagua mpangilio mwingine, uitwao Probhat.

LibreOffice ilihitaji mpangilio mmoja ambao ni rahisi kuupita bila kuuona. Katika chaguo za lugha kuna kisanduku cha kuwasha maandishi changamano, na Kibengali kimo katika kundi hilo. Bila kukiwasha, unabadilisha fonti na ukubwa wake, lakini maneno ya Kibengali yanabaki kama yalivyo, kwa kuwa programu huweka fonti ya herufi za Kilatini na fonti ya maandishi changamano katika sehemu mbili tofauti. Baada ya kuiteua Kalpurush katika sehemu yake, kila kitu kilikaa sawa. Niliongeza pia kamusi ya hunspell, programu huria ya kukagua tahajia. Inasaidia, ingawa orodha yake ya maneno ni fupi kuliko lugha inavyohitaji, na maneno mengi sahihi hupigiwa mstari mwekundu. Tunayaongeza wenyewe kila tunapokutana nayo.

Kila mtumiaji ana akaunti yake, na kila akaunti ina lugha yake, jambo ambalo Linux hulifanya bila malipo ya ziada. Mama mkwe huona menyu zote kwa Kibengali. Yangu naiweka kwa Kiingereza, kwa sababu tafsiri ya Kiswahili katika programu nyingi bado ina mapengo, nami nasikitika kusema hivyo, kwa maana mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walikwisha kututolea Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Njia ileile waliyoipita vijana wa Kibengali iko wazi kwetu pia, na kila mwezi natenga muda wa kutafsiri mistari kadhaa ya menyu.

Kazi ya mwisho ilikuwa kuokoa nyaraka za zamani za mume wangu. Ziliandikwa kwa utaratibu uliotangulia matumizi ya Unicode, ambamo nafasi za herufi za Kilatini zilichorewa maumbo ya Kibengali. Faili ikifunguliwa bila fonti yake hasa, yanaonekana matope ya herufi za Kizungu na alama zisizosomeka. Vigeuzi huria vipo, lakini kazi yao si kubadilisha alama moja kwa nyingine tu. Utaratibu wa zamani ulihifadhi herufi kama zinavyoonekana kwa jicho, kwa hiyo ile irabu ya kushoto ilikuja kabla ya konsonanti yake, ilhali Unicode huihifadhi baada yake. Kigeuzi kikikosea hapo, irabu huhamia konsonanti ya jirani na neno likawa jingine. Tuligawana kurasa, mume wangu akisoma za mikataba, mama mkwe za barua, nami nikilinganisha majina na namba. Nakala za asili tumezihifadhi katika folda ya peke yake, na zile zilizogeuzwa ziko pamoja na nyaraka nyingine. Sasa mume wangu akiandika jina la mteja kwa Kibengali katika kisanduku cha kutafutia, hata oda za miaka ya mwanzo ya biashara hutokea.