Rizpa Hakusema Neno

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni 2 Samweli 21:10-14.

Jumamosi iliyopita kikundi chetu cha maombi kilitoka Kampala, tukapita Bombo na Wobulenzi hadi Luweero, kuyazuru makaburi ya vita vya msituni vya 1981 hadi 1986. Wengi wetu tulizaliwa vita vimekwisha. Tulikwenda kama wasafiri wengine wanavyokwenda, maji ya chupa mkobani na simu mkononi.

Kaburi tulilolifikia ni la pamoja: saruji yenye ufa upande mmoja, nyasi zimechomoza ndani ya ufa, na mjusi mmoja akiota jua juu yake. Majina hakuna. Wenyeji waliporudi makwao baada ya vita, waliokota mafuvu na mifupa mashambani na vichakani, wakayapanga kando ya barabara, kila mpita njia akayaona. Baadaye yakazikwa pamoja. Nani angeweza kulishika fuvu moja na kusema, hili ni la baba yangu?

Nikaombwa niongoze sala. Mimi nimekulia Jinja, mtoto wa askari, na sala hunijia kwa Kiswahili. Nikaanza, "Baba mwenye rehema..." Jaja mmoja wa kijiji, yaani bibi mzee, aliyetupokea vizuri sana, akashtuka. Vidole vyake vikaukamata mshipi wa gomesi, lile vazi refu la akina mama. Akamnong'oneza dada mmoja wetu kwa Kiganda, naye akanigeukia: "Jaja anaomba usiombe kwa Kiswahili. Anasema siku ile walisema panda gari."

Wapendwa, wazee wetu wanayajua maneno hayo mawili. Miaka ile ya 80 askari walizingira mtaa au kijiji, wakawapakia watu kwenye malori, na wengi hawakurudi. Misako yenyewe mpaka leo inaitwa panda gari. Lugha niliyofundishwa kumwitia Mungu, yeye aliisikia kutoka kwa mwenye bunduki. Nilifunga kinywa, nikaketi kwenye nyasi karibu naye.

Hapo ndipo Rizpa, suria wa Mfalme Sauli, aliponijia akilini. Wanawe wawili waliuawa pamoja na watu watano wa nyumba ya Sauli, miili ikaachwa mlimani. Mama huyu akatandika gunia mwambani, akakaa tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Someni tena taratibu: Maandiko hayaandiki hata neno moja alilolisema. Lakini habari zake zilimfikia Daudi, na mfalme akaenda Yabesh-gileadi kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani, na ile ya waliouawa nayo ikakusanywa. Ni baada ya hayo, mstari wa 14, ndipo Mungu alipoyasikia maombi kwa ajili ya nchi. Mifupa kwanza, maombi baadaye. Sisi tulikuwa tumeshuka garini na kuanza na maombi.

Nilikumbuka pia makaburi ya vita ya pale kwetu Jinja, ya Vita vya Pili vya Dunia, mawe yamepangwa mistari na nyasi zimekatwa. Utotoni nilidhani kila askari aliyekufa vitani ana jiwe lake. Kumbe mwaka 2021 tume inayoyatunza makaburi ya namna hiyo ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika Vita vya Kwanza, hasa wapagazi, hawakuandikwa majina yao popote. Kwa hiyo hata penye mawe mazuri, ndugu yangu, usiharakishe kupiga picha na kuondoka. Uliza nani hayupo.

Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha jaja akaomba mwenyewe, kwa Kiganda, akiwataja watu wa nyumba yake mmoja mmoja. Nilihesabu majina tisa. Alipomaliza tukaitikia wote Amina. Neno hilo yeye na mimi tunalo sawa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunarudi na majembe na mafyekeo, kwa maana nyasi zinaupanua ule ufa. Jaja amekubali. Anayekuja aseme mapema tupange usafiri, na simu tutaziacha garini.