Osaka, kwenye nyuso zisizo na majina

Nilifika Osaka kwa treni ya mwendokasi, mwendo wa saa mbili na nusu kutoka Tokyo, nikaunganisha treni ya chini ya ardhi hadi Namba. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Watu walimiminika Dotonbori kutafuta chakula. Mimi nikakata kichochoro cha mawe hadi hekalu la Hozenji, penye sanamu ya Fudo, mlinzi wa dini ya Kibuddha, iliyoota ukijani mwili mzima kwa maji ambayo waumini huimwagia kila siku. Hapo mkabala pana jengo jembamba: makumbusho ya Kamigata Ukiyoe. Ukiyoe ni picha za zamani za Kijapani, zilizochongwa kwenye vibao vya mbao na kuchapwa karatasini. Kamigata ni jina la kale la upande huu wa Osaka na Kyoto.

Edo, yaani Tokyo ya leo, wachoraji walichora mengi: warembo, milima, mawimbi. Osaka walichora karibu waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, peke yao, na hawakuwapamba. Wanawake walipigwa marufuku jukwaani mwaka 1629, hivyo nafasi za kike zikachezwa na wanaume. Katika picha za huku, chini ya nywele za bandia na poda nyeupe, taya la mwanamume linaonekana wazi. Ukweli huo ndio ulionivuta.

Nilisimama muda mrefu mbele ya picha ya Hirosada, mchoraji wa Osaka, karatasi ndogo ya sentimita 25 kwa 18 hivi. Uso na mabega tu. Midomo imebanwa, macho yamevutwa kuelekea puani. Hiyo ndiyo mie: mwigizaji anaganda ghafla kwenye kilele cha tukio, vibao vinagongwa pembeni mwa jukwaa, ukumbi unalipuka kwa shangwe. Nikainama kutazama nywele za pajini. Mchongaji hauchongi unywele wenyewe. Anaondoa mbao ya mcheri pande zake mbili na kuuacha umesimama, mwembamba kama uzi. Akiteleza mara moja, umekatika.

Jina la mwigizaji halipo. Mwaka 1842 utawala wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ulipiga vita anasa, picha za waigizaji zikakatazwa, na karakana za Osaka zikanyamaza takribani miaka mitano. Ziliporudi mwaka 1847, majina yaliachwa, na baadhi ya picha zikapewa vichwa vya habari kuhusu uaminifu na utiifu kwa wazazi. Wapenzi wa kabuki wakazinunua vilevile. Pua ile, kidevu kile, nani asingekijua? Nilijikuta nimesisimkwa na watu hao ambao sitawajua kamwe, wakitambuana na msanii wao kimyakimya juu ya meza ya muuzaji.

Kisha nikaomba nijaribu kuchapa. Kila rangi ina kibao chake, na kila kibao kina alama mbili zilizochongwa, kento, za kuegemeza kona na ukingo wa karatasi. Unapaka rangi, unalaza karatasi, unasugua mgongo wake kwa baren, kisahani bapa kilichofungwa ganda la mwanzi. Mama aliyenielekeza alinishika kifundo cha mkono akanionyesha uzito unaotakiwa: utoke begani, si vidoleni.

Usiku nikaitandaza kazi yangu juu ya kitanda cha hoteli. Nyeusi imekaa sawasawa. Nyekundu imevuka mstari wa mdomo kwa milimita moja.