Mikono Yetu Kwenye Buti la Peugeot

Mombasa, Jumatatu ya Pasaka

Jana usiku mvua ilipiga mabati mpaka saa nane. Usingizi ulipokataa kuja nikaanza kuhesabu magari kama nilivyokuwa nikihesabu utotoni Voi: namba moja, namba mbili, namba tano, namba tisa. Namba hazikuja kwa mfuatano, maana Safari, yale mashindano ya magari ya Pasaka, haikupita kwa mfuatano. Zile zilizokosekana zilikuwa zimebaki nyuma gizani, springi imekatika, sampu ya oili imetobolewa na jiwe, au dereva amekaa juu ya boneti akingoja kupambazuke.

Naandika leo kabla mvua haijakatika. Ikikatika nitarudi kwenye shughuli zangu, na haya yatalala tena mwaka mzima.

Baba alikuwa karani wa stesheni ya Voi enzi ambazo reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Tuliishi kwenye nyumba za reli. Voi ulikuwa mji mdogo wa njia panda: garimoshi la Mombasa na Nairobi lilipita hapo, na reli ya Taveta na Moshi ilichepuka hapo. Kulikuwa na shamba kubwa la mkonge, kulikuwa na maduka ya Wahindi, halafu nyika. Udongo wa kwetu ni mwekundu kiasi kwamba hata ndovu wa Tsavo, wakishajimwagia vumbi lake, huwa wekundu. Wakati wa kiangazi lori moja likipita, vumbi lilining'inia hewani mpaka uchoke kulitazama. Masika yakianza, vumbi hilohilo lilikuwa utelezi wa sabuni.

Na Safari ilikuja Pasaka, masika yanapoanza.

Watu wa umri wangu husema "Safari" tu, na tunaelewana. Ilianza Mei 1953 ikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Kabla yake waliopenda mwendo kasi walikuwa na viwanja vyao vya kuzunguka, kama Langalanga kule Bonde la Ufa. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alimwita Neil Vincent aje washindane Langalanga, Vincent akamjibu kwamba hakuna kinachochosha kama kuzungukazunguka palepale. "Ukiandaa mbio ambazo mtu ataingia garini, afunge mlango, avuke nusu ya Afrika na kurudi, hapo mimi nimo," alisema. Basi wakaandaa. Nimeshukuru mara nyingi kwa jibu hilo, kwa sababu kiwanja cha Langalanga mtoto wa karani wa Voi asingekiona kamwe. Kwa jibu lile, mbio zikatufuata sisi.

Mwaka 1960 jina likawa East African Safari. Miaka hiyo njia ilikuwa karibu kilomita 5,000, na haikufungwa kwa ajili ya mtu. Basi la abiria lilikuwa barabarani, lori la mkonge lilikuwa barabarani, punda, ng'ombe, mzee na baiskeli yake, wote barabarani. Magari yenyewe yalikuwa yale yanayouzwa dukani. Tangu mwanzo makundi yalipangwa kwa bei ya gari. Hilo lilitugusa sana. Volkswagen iliyopita usiku ikiwa na namba ubavuni ilikuwa ndugu wa Volkswagen ya padri. Mercedes ilikuwa ya meneja wa mkonge. Peugeot tuliijua kwa sababu ndiyo iliyobeba watu.

Upande wa Mwatate, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu kutoka kwetu, njia iliteremka ghafla, ikavuka korongo bila daraja na kupanda ng'ambo kwa kona kali. Kiangazi lilikuwa mchanga mtupu. Mvua ikinyesha milima ya Taita, maji yalifika pale saa kadhaa baadaye, hata kama kwetu mbingu zilikuwa safi. Watu wa Voi walijua kwamba gari likifika pale baada ya mvua ya milimani lina kazi, na walijua mahali pa kusimama. Baba alituweka juu ya kingo, upande wa ndani wa kona. "Upande wa nje ni wa gari," alikuwa akisema, na hakuwa na mzaha katika hilo.

Tulikwenda na taa ya chemli, blanketi na chai kwenye birika lililofungwa gunia ili isipoe. Vijana wa mkonge walikuja, mafundi wa reli walikuja, akina mama walikuja na mahamri. Kisha tukangoja. Watu wakizungumza habari za Safari siku hizi wanazungumzia mwendo kasi, lakini mimi ninachokikumbuka zaidi ni kule kungoja. Kwanza mtu mmoja alisema "shhh" na chura wakasikika. Halafu mngurumo ambao hukujua kama ni gari au ni damu masikioni mwako. Halafu mwanga juu ya migunga, hafifu, ukipanda na kushuka kwa kufuata vilima, ukipotea, ukirudi karibu zaidi. Na unapoamini kwamba umelizoea, linatokea lenyewe, taa nne au tano usoni, mawe yanaruka, harufu ya petroli na breki zilizoungua, na limekwisha kwenda. Tulipiga kelele mpaka koo zikauma. Mimi nilikuwa na daftari la hesabu, na kazi yangu ilikuwa kuandika namba. Baba alinipa penseli yake ya kazini kwa ajili hiyo, na hakumpa kaka yangu.

Pasaka hizo sasa zimechanganyikana kichwani, nyingine ni vumbi, nyingine ni matope, lakini usiku mmoja umesimama peke yake. Nilikuwa darasa la tano. Maji yalikuwa yanapita korongoni, si mengi, yanafika kwenye mashavu ya miguu. Magari matatu yalivuka. La nne, Peugeot 404 nyeupe, au iliyokuwa nyeupe ilipoondoka Nairobi, lilivuka maji vizuri, likaanza kupanda, likateleza kinyumenyume na kuzama magurudumu ya nyuma. Dereva alikanyaga moto. Tairi zikajichimbia kaburi.

Kioo kikashushwa, sauti ikatoka: "Sukumeni! Sukumeni, tafadhali!"

Wanaume waliteremka mbio kama waliokuwa wakingoja kuitwa tangu jioni. Baba alivua viatu, akaviweka juu ya jiwe vikielekea upande mmoja kama alivyoviweka nyumbani, akakunja suruali, akashuka. Nami nikashuka. Hakuna aliyeniita na hakuna aliyenizuia. Nilijipenyeza kati ya baba na kijana mmoja wa mkonge, nikaweka viganja kwenye buti. Bati lilikuwa la baridi na lilikuwa linatetemeka, na mtetemo ule uliingia viganjani, ukapanda mikononi mpaka kwenye meno.

Mtu aliongoza kwa ile sauti ya wachukuzi wa bandarini: "Harambee!" Tukajibu: "Hee!" "Harambee!" "Hee!" Mara ya tatu au ya nne kitu kikaachia. Gari lilitoka mikononi mwetu ghafla, watu wawili wakaanguka kifudifudi, na matope yote ambayo magurudumu yalikuwa yameyachimba yakaja kwetu. Dereva hakusimama. Asingeweza, angezama tena. Alitoa mkono dirishani akaupunga, taa nyekundu zikapinda kona, zikapotea.

Tulibaki tumesimama majini tukicheka, watu wazima na watoto, tukiwa rangi moja. Sijapata tena kusikia baba akicheka vile.

Nilikuwa nimevaa gauni la Pasaka. Mama alikuwa amelishona mwenyewe kwa kitambaa cheupe chenye maua ya njano alichonunua Biashara Street mara ya mwisho tulipokuja Mombasa, na nilikuwa nimekataa kulivua baada ya kanisa. Mama alilifua kwa sabuni ya mche, akalianika juani, akalipaka ndimu, akalifua tena. Maua ya njano yalipauka, wekundu ukabaki, kifuani, ukubwa wa sahani. Mwaka uliofuata mdogo wangu akalirithi pamoja na doa lake. Mama hakunipiga. Alimuuliza baba jambo moja tu: "Na wewe ulikuwa wapi?" Baba akasema, "Nilikuwa pembeni yake."

Nilipofungua daftari kuandika namba ya gari lile, ndipo nilipogundua kwamba sikuiona. Matope yalikuwa yameifunika. Nikamuuliza baba, nikamuuliza yule kijana wa mkonge. Hakuna aliyeiona. Niliacha mstari mtupu.

Mstari ule umenisumbua kuliko unavyoweza kudhani. Redio ilikuwa inatangaza nani yuko wapi na nani ametoka, nasi tulikaa kimya mbele yake kama watu wanaosubiri habari za mgonjwa. Kufika tu ilikuwa ushindi. Mwaka 1963, Pasaka ya mwisho kabla ya uhuru, yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena, na miaka yote miwili walioshinda walikuwa walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Katikati hapo Bert Shankland wa Dar es Salaam na Chris Rothwell walishinda 1966 na 1967, nao kwa Peugeot 404. Kila Peugeot ilipotajwa nilimwangalia baba. "Ndilo letu?" Naye hakunidanganya wala hakunivunja moyo. "Huenda," alisema.

Hata wageni wakubwa kutoka Ulaya waliishia kwenye njia zetu. Erik Carlsson wa Uswidi alikuwa akiongoza mwaka 1963 alipogonga muhanga, mnyama ambaye wengi wetu hatujawahi kumwona kwa sababu hutoka usiku tu. Mwaka uliofuata alipokwama aliibingirisha Saab yake ili itoke matopeni, akamaliza wa pili. Vijana wa Voi walijaribu kufanya vivyo hivyo na mkokoteni wa maji wa jirani yetu, wakavunja ekseli. Miaka karibu 20 ilipita kabla mgeni hajashinda. Wa kwanza walikuwa Hannu Mikkola na Gunnar Palm, mwaka 1972, kwa Ford Escort.

Lakini mtu wa moyo wetu alikuwa Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, akalelewa na spana mkononi. Wengi waliokuwa usukanini miaka ile walikuwa walowezi na wenye mali zao. Yeye alikuwa fundi, na fundi tulimwelewa. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, aliingia na Volvo iliyokwisha kutumika, wakapewa namba moja. Kuwa wa kwanza barabarani kuna raha yake, huli vumbi la mtu. Mvua ikinyesha kuna adhabu yake, maana wewe ndiye unayekuta kila korongo halijapimwa. Mwaka ule yalifika magari 16 kati ya 85, naye akafika mbele ya wote kwa takriban dakika 100. Habari ilipotoka redioni mafundi wa karakana ya reli walipiga vyuma kwa nyundo, kila mtu alichokuwa nacho, na kelele ile ilisikika mpaka shuleni. Alishinda tena 1974 na 1976. Alipofariki London mwaka 2013 niliwasha redio nikakaa nayo jioni nzima, mwenyewe tu, kwa kuwa baba alikuwa ametangulia.

Mwaka 2022 mjukuu wangu alinipeleka Naivasha. Mbio za dunia zilikuwa zimerudi Kenya mwaka mmoja kabla, baada ya karibu miaka 20, na nilitaka kuziona kabla magoti hayajakataa. Vumbi la kule ni laini kama unga wa ngano, na magari yalipita kama nyigu aliyekasirika, unageuza shingo limekwenda. Kalle Rovanperä alishinda, kijana wa miaka 21, na Toyota zikachukua nafasi nne za kwanza. Nilifurahi kwa dhati. Njia zimefungwa, kuna waangalizi wenye filimbi, mtoto hawezi tena kuteremka korongoni katikati ya usiku, na kama mzazi nasema ni vyema. Kama yule mtoto wa darasa la tano, nilitazama ile kamba iliyotutenga na njia kwa muda mrefu.

Mjukuu aliniuliza, "Bibi, siku hizo mlilipwa kwa kusukuma?" Wapo waliodai malipo mahali pengine, nimesikia. Kwetu sikumwona mtu akinyoosha mkono. Halafu akauliza lililo gumu zaidi, kama majina yetu yaliandikwa popote. Nikamwambia yaliandikwa ya madereva na ya wasoma ramani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi waandike wewe."

Basi: baba, karani wa stesheni. Kijana wa mkonge aliyekuwa kulia kwangu, aliyeanguka kifudifudi akainuka na jino limelegea. Fundi wa reli mwenye sauti nene aliyeita harambee. Muuza mahamri aliyeacha sinia lake juu ya kingo, akashuka na khanga amejifunga kiunoni, akasukuma kuliko wanaume wawili. Na wengine kama kumi ambao giza halikunionyesha nyuso zao.

Korongo sasa lina daraja. Nilipita mwaka juzi nikienda mazishi Mwatate, gari halikupunguza hata mwendo, na nisingepatambua kama si ile kona.

Mvua imeanza kupungua. Jana usiku nilifika gari la 31 kabla sijalala, na kama kawaida, baada ya gari la tatu nilipitisha moja lisilo na namba.