Siku moja maishani mwangu: nesi wa chanjo, Dodoma

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa saba huu, baridi ya Dodoma na upepo wake mnaijua wenyewe, natoka na sweta na kitenge juu yake kwenda kusubiri daladala. Zahanati yetu ipo pembeni ya jiji upande wa barabara ya Singida, na tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 benchi la kliniki limechanganyika, wamo wamama wa Kigogo waliozaliwa hapohapo na wamo watumishi waliotoka Dar juzi tu. Hofu ya chanjo ipo pande zote mbili ila haifanani, na leo nimekutana nayo kila upande.

Saa 1:30. Kitu cha kwanza friji. Chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, leo inasoma 4, naandika kwenye chati na jioni nitaandika tena. Watu wanadhani adui ni joto tu, lakini chanjo ya penta ikiganda ndo basi tena, hata ukiiyeyusha haifanyi kazi. Kwenye kichupa kuna alama ndogo, kimraba ndani ya duara, kile kimraba kikikolea mpaka kikafanana na duara lake ujue imepata joto kupita kiasi na hatuitumii. Hii alama huwa nawaonesha wazazi waione kwa macho yao, maana anayeuliza "hii dawa haijaharibika kweli" anauliza swali la maana kabisa, kwa jua hili na umeme unaokatika.

Saa 2:30. Mbukwenyi, mbukwenyi, salamu zinazunguka, watoto wanapimwa uzito huku mimi natoa somo la afya. Swali la leo limetoka kwa mama mdogo wa uzazi wa kwanza, dada nesi mbona sindano mbili siku moja na kitoto chenyewe kina wiki 6? Nikamwambia ni kweli leo anapata penta paja hili, nimonia paja lile, na matone mdomoni ya polio na ya kuharisha, kwa macho ni mengi lakini mtoto huyu tangu azaliwe anakutana na vijidudu vingi kuliko hivyo kwenye kila kitu anachoshika na kunyonya, mwili wake unaviweza. Na tungemgawia moja moja angekuja kuchomwa siku nyingi zaidi alafu muda wote huo katikati yuko wazi. Penta yenyewe ni magonjwa matano kwenye sindano moja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na kile kidudu cha Hib kinacholeta homa ya uti wa mgongo.

Alafu kabla sijamchoma nikamwambia cha usiku. Hili nalishikilia sana, mzazi aambiwe KABLA. Usiku wa leo anaweza kuchemka, paja linaweza kuvimba kidogo na kuuma, atalia, kawaida ndani ya siku mbili inakuwa imeisha, mnyonyeshe sana, mvue manguo mazito, parasetamo ya maji kwa kipimo hiki nilichokuandikia, usikande paja na usipake kitu. Nikamchukulia namba ya simu, nikampa ya kwangu. Na usiondoke sasahivi, kaa hapo benchi nusu saa, kuna mzio mkali ambao ni nadra sana ila ukitokea hutokea mapema na dawa yake tunayo hapa.

Saa 4. Akaingia mama mwingine, kaja kupima uzito tu. Kadi inaonesha penta ya kwanza basi, wiki ya 10 hakuja, ya 14 hakuja, mtoto anaingia mwezi wa tano. Taratibu taratibu akasema, ile ya kwanza mtoto alichemka usiku kucha, mama mkwe akasema hakuna kurudi tena, na baba mtoto yuko Manyoni na ng'ombe naye ana yake aliyosikia. Tukampigia hapohapo, laudispika. Shikamoo, marahaba, alafu akasema wazi, nasikia hizi chanjo zinaharibu kizazi.

Huu uvumi ni wa siku nyingi, kule Kenya mwaka 2014 ulivuma sana kwenye kampeni ya chanjo ya pepopunda na hadi leo naukuta huku. Sikumjibu kwa maneno makubwa. Nilikuwa na kadi ya mke wake mkononi, nikamwambia baba, mkeo alichomwa pepopunda mimba ya kwanza, akabeba ya pili, akachomwa tena, akabeba huyu, na ni pepopunda ileile iliyomo kwenye sindano ya mtoto. Kimya. Alafu akasema sawa nesi, mimi sina neno, ila mkaongee na mama, mimi siwezi kumpita mama.

Mama mtoto akataka nimchome hivohivo tusiseme nyumbani. Nikakataa, ingawa kisheria mtoto ni wake. Akichemka leo usiku bila bibi kujua, hiyo nyumba imefungwa kwa chanjo zote zinazofuata na kwa wajukuu wengine pia.

Saa 5:30. Baba mmoja mtumishi, kaja na mtoto wa miezi 9 na simu mkononi, anauliza kama chanjo ya surua inaleta usonji (autism). Yeye kasoma, kwahiyo nikampa majina. Hilo jambo lilianzia Uingereza 1998, daktari Andrew Wakefield aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu watoto 12 tu, ikaja kugundulika taarifa zao hazikuwa za kweli, 2010 jarida likaifuta makala na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Alafu 2019 Denmark wakatoa utafiti wa watoto zaidi ya laki sita na nusu, waliochanjwa na wasiochanjwa, hawakuona usonji umezidi kwa waliochanjwa. Akauliza na mafua je, maana mwanae alikuwa anachuruzika, nikamwambia mafua hayazuii, mgonjwa kweli wa kulazwa ndo tunamsubirisha. Kachanjwa, nikamwambia hii ya surua-rubella homa yake na vipele huchelewa, ni wiki moja hivi baadae, asije akashangaa.

Saa 7. Ugali na mlenda, haraka.

Saa 8 mchana. Mimi na mhudumu wa afya ya jamii mpaka nyumbani kwa yule bibi. Anapeta uwele uani. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, karibu, alafu hakuzunguka: mtoto kaenda kwenu mzima, karudi mgonjwa, ungekuwa wewe ungempeleka tena?

Sikumwambia kaona vibaya, kwa sababu kaona sawasawa. Homa ilikuja na ililetwa na chanjo, bibi, hasa ile sehemu ya kifaduro, mwili unajifunza kupigana na homa ni dalili kwamba umeanza. Niliposema kifaduro aliacha kupeta. Kifaduro anakijua, alishalea mtoto anakohoa mpaka anatapika mpaka anakuwa wa bluu, akaanza kumuelezea mhudumu wangu ambaye hajawahi kukiona. Hapo nilinyamaza nikamwacha aongee, maana vijana tunaochanja tunaongelea magonjwa tuliyosoma na wazee wanaongelea waliyoyauguza, na inaniuma kwamba kwenye mabango yetu wao hawaulizwi kabisa.

Akauliza na kile kidonda cha begani cha mjukuu wake mwingine. Hiyo ni ya kifua kikuu, anachomwa akizaliwa, baada ya wiki kadhaa kinatoka kipele, kinatunga usaha, kinakauka, kinabaki kovu, hakitumbuliwi wala hakiwekwi dawa, ya hospitali wala ya mizizi. Mbona hatukuambiwa, akasema. Ana haki.

Hakukubali moja kwa moja. Kasema kesho atamleta yeye mwenyewe, aoneshwe kile kimraba kwenye kichupa kwanza, na dawa ya homa aibebe mkononi kabla ya sindano. Nikasema sawa bibi. Na dozi za penta tunaendelea pale tulipoishia, hatuanzi upya.

Saa 10:30. Friji 5. Chupa ya surua tuliyofungua asubuhi imebaki na dozi, ina dozi 10 na ikishachanganywa mwisho masaa 6, natupa. Bora kutupa kuliko mtoto mmoja akose kwa kusubiri wafike kumi.

Saa 2 usiku. Simu, yule mama mdogo wa asubuhi, sauti inatetemeka, nesi amechemka. Ananyonya? Ananyonya. Ukimbeba anatulia? Anatulia. Umempa dawa? Ndo nampa sasahivi. Nikamwambia akigoma kunyonya, akishtuka degedege, au akilia masaa matatu bila kunyamaza, usisubiri asubuhi, njoo kituoni na unipigie ukiwa njiani. Bila hivo nipigie saa 4 uniambie anaendeleaje, simu sizimi.